Chupa Hufunguliwa Mbele ya Mgonjwa

Nunguni,
3 Februari 2024

Mpendwa Kalekye,

Kuna swali ambalo nimelibeba tangu nilipokuwa mwanafunzi wa sayansi ya vyakula, na kila ninapodhani nimelitua, nalikuta tena mabegani: mgonjwa anapopata nafuu baada ya kunywa kitu, nafuu hiyo imetoka katika kinywaji, au kwa mtu aliyekileta? Wanafunzi wangu nimewafundisha kujibu upesi kwamba imetoka katika dawa nyingine aliyokuwa akimeza kimyakimya. Wao huandika jibu hilo na kufaulu mtihani. Mimi mwenyewe sijawahi kuliamini kikamilifu.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu ya nyumba yenu ni redio. Tangu masikio ya Baba yapungue nguvu, kila tunalosema linasikika mpaka zizini, na haya hayafai kusikika huko. Barua utaikuta chini ya maparachichi, kwenye kreti.

Niambie kweli, bila kunipunguzia. Kidonda cha mguuni mwa Baba kimefikia wapi? Daktari wa Kitui alisema nini hasa? Kwenye simu ulisema “tunaendelea vizuri” kwa ile sauti ambayo Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiitumia kuwaambia wageni kwamba chai bado iko tele.

Dada yako,
Nzilani


Nuu,
11 Februari 2024

Dada Nzilani,

Maparachichi yamefika. Mawili yamepondeka, barua haikupondeka.

Kweli ni hii. Daktari alisema kidonda hakitafunga sukari ikiwa juu namna hii. Tukirudi kliniki mwezi wa tano na mambo yako hivi, atakata. Si kidole, ni mguu, hapa juu ya kifundo. Baba alikuwa anasikia. Akamuuliza, “Daktari, basi kiatu wataniuzia nusu bei?” Daktari akacheka. Mimi sikucheka, na Baba siku hiyo hakugusa chakula.

Vidonge anameza. Sindano ya asubuhi namdunga mwenyewe, sikosi. Kidonda kinafungwa upya vile muuguzi alinionyesha. Shida yangu ni Alhamisi. Unawajua akina mama wa ushirika wetu wa kanisa, mgonjwa wa mtu mmoja ni mgonjwa wao wote. Wanakuja Wavinya mwenyekiti akiwa mbele na kreti ya soda ikiwa nyuma. Wavinya anasema soda nyeusi ikipashwa moto inatoa homa, ya tangawizi inafungua kifua, na ya zambarau inaongeza damu, na kidonda kitaponaje bila damu? Nilijaribu kusema labda tumpe maji. Akaniangalia kutoka kichwa hadi miguu. “Kalekye, mgonjwa anywe maji kama ndama? Mna njaa gani hapa?”

Na Baba anakunywa! Unajua desturi yetu, chupa hufunguliwa mbele ya mgonjwa ili kila mtu aone hakuna kilichotiwa ndani. Inafunguliwa, wanaomba, kisha wanamtazama mpaka tone la mwisho. Alhamisi iliyopita walikuja makundi mawili, akanywa za makundi yote mawili. Wakishaondoka nikamgombeza. Akasema, “Mtu ametoka ng'ambo ya mto na chupa yangu kikapuni, nimwambie ameniletea sumu?”

Na hataki wajue ni sukari. Amewaambia alichomwa na mwiba. Anasema mzee wa kanisa akishaitwa mgonjwa wa sukari, watu wanaanza kuongea naye kama wanamuaga.

Fikiria kitu, dada. Wewe ndiye mwenye digrii.

Kalekye


Nunguni,
20 Februari 2024

Mpendwa Kalekye,

Kwanza nilimwandikia Wavinya. Nilimweleza jinsi sukari ya chupa moja inavyoingia katika damu, nikaeleza vizuri, kisha nikaichana barua. Sina haki ya kutoa siri ambayo Baba mwenyewe ameifunika kwa mwiba. Tena, kusema kweli, niliona aibu kumwambia mwanamke anayevuka mto kwa miguu kwamba upendo wake una gramu nyingi mno.

Nimefanya kitu kingine, nami sikipendi. Katika karakana ya ushirika wetu hapa Nunguni, ninakosimamia utengenezaji wa sharubati za pasheni na ukwaju, tuna mashine ya mkono ya kubana vizibo na mtungi mdogo wa gesi. Nimechemsha maua makavu ya rosela, ambayo hutoa rangi inayokaribia ile ya zambarau. Nimetia ndimu na utamu usio wa sukari, nikapuliza gesi, nikajaza katika chupa za soda zilizooshwa na kuzibana vizibo. Vizibo havina maandishi, kwa hiyo ufungue kwa haraka na kizibo ukitie mfukoni.

Wageni wakileta kreti, pokea kwa mikono miwili, ipeleke jikoni, kisha mletee Baba chupa yetu na uifungue mbele yao kama desturi inavyotaka. Soda zao wagawie wao wenyewe. Usibakize hata chupa moja ya dukani ndani ya nyumba, maana mkono unaweza kukosea, na mkono ukikosea mguu utaondoka.

Najua tunamdanganya mzee ambaye hajawahi kutuficha jambo. Nimejiambia kwamba ni kwa muda. Sijui kama muda huifanya hila kuwa kitu kingine.

Nzilani


Nuu,
14 Machi 2024

Dada,

Kaa chini kwanza. Imeweza!

Siku ya kwanza kifungulio kiliniponyoka kikaanguka. Wavinya akasema, “Huyu msichana anafungua soda kama anafungua kaburi.” Kizibo kikalia kidogo, pss, kama mtu anayecheka kanisani. Baba akanywa. Akaitazama chupa. Akasema, “Ahaa.” Basi. Akanywa yote na kuomba nyingine.

Wavinya akapiga makofi. “Zambarau! Si niliwaambia?”

Tangu hapo kimashine cha kupimia sukari kinaniletea nambari ambazo sikuwa nimeziona mwaka mzima. Muuguzi wa zahanati alipofungua kidonda aliita mwenzake. Nikadhani kimeoza. Kumbe anamwonyesha nyama mpya, nyekundu, imeanza kutoka pembeni. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, kisha nikanawa uso nikarudi kama mtu mzima.

Jambo moja dogo tu. Wavinya ametangaza kanisani kwamba soda ya zambarau inaponya mwiba. Mwau, jirani yetu wa kisimani, naye ana kidonda mguuni kisichosikia dawa. Wamempelekea kreti nzima. Ya dukani, bila shaka.

Tuma chupa zaidi.

Kalekye


Nunguni,
22 Machi 2024

Mpendwa Kalekye,

Jambo lako dogo limeninyima raha. Darasani huwa nawaonya wanafunzi kuhusu mtu anayeona ukweli nusu na kujenga nyumba nzima juu yake. Sasa Wavinya ameona kwa macho yake chupa ya zambarau na kidonda kinachofunga. Hana kosa. Sisi ndio tuliompa ushahidi wa uongo, tukaufungia kizibo.

Kama Mwau naye ana sukari, tumeuokoa mguu mmoja kwa kuuhatarisha mwingine. Lazima Wavinya aambiwe. Lakini hatuwezi kumwambia kuhusu chupa bila kumwambia kuhusu Baba. Zungumza na Baba, umwombe ruhusa. Kama huwezi, nitakuja mwenyewe mara tu mitihani ya chuo itakapoisha.

Kreti mbili ziko njiani. Nimezituma kwa mkono mzito.

Nzilani


Nuu,
19 Aprili 2024

Dada,

Baba yuko hai. Usipige simu, siwezi kuongea bila kulia. Wavinya ameomba akuandikie yeye. Nimempa karatasi.

Kalekye


Nuu,
19 Aprili 2024

Kwa mwanangu Nzilani wa Mzee Kyule,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi si mtu wa digrii, kwa hiyo nitasema vile mambo yalivyokuwa.

Juma hili kanisa letu lilikuwa na maombi ya kufunga, ya kuomba mvua. Baba yako, kama mzee wa kanisa, akasema hawezi kula wengine wakiwa na njaa. Asubuhi akadungwa sindano yake, uji akampa mbwa, dada yako asijue. Tulipofika saa sita nilimkuta ametota jasho, mikono inacheza, ananiita kwa jina la mama yenu aliyefariki. Kalekye yuko magotini na chupa ya zambarau. “Kunywa, Baba, muuguzi alisema ukitetemeka unywe soda.” Akanywa. Hakuna kitu. Akampa ya pili. Hakuna kitu. Ndipo dada yako akashika kichwa na kupiga kelele, “Hazina sukari! Hakuna ya kweli humu ndani!”

Sikuelewa. Lakini kikapuni mwangu nilikuwa na soda nyeusi. Niliifungua kwa meno, na meno yangu ni haya machache unayoyajua. Nikamshika Baba yako kidevu kama mtoto, akameza kidogo kidogo. Tuliimba pambio lote. Tulipomaliza, akafumbua macho akasema, “Wavinya, hii sasa ndiyo soda.”

Kwenye zahanati wakauliza, “Nani alimpa soda?” Nikasema ni mimi. Muuguzi akasema, “Mama, umemwokoa.” Nimeandika neno hilo hapa ili ulisome mara mbili.

Kisha Baba yako, akiwa amelala pale kitandani, akatuambia wote. Mwiba haukuwepo, ni sukari, ni miaka, na leo sindano bila uji ndiyo iliyoishusha mno. Na Kalekye akatoboa siri ya chupa.

Nzilani, nilikasirika. Kudanganywa si kitu, mimi nimelea wavulana. Kilichoniuma ni kwamba mlidhani nikiujua ukweli bado nitamletea sumu. Mngeniambia tu, “Mama, sukari inamla mguu.” Ningekaa nje ya lango na fimbo, na kreti isingepita.

Basi sikiliza tulichoamua. Mwau nimempeleka mwenyewe kupimwa. Ana sukari kama mzinga wa asali, na ameanza dawa. Alhamisi tutaendelea kuja, lakini sasa sote tutakunywa hiyo yako ya maua, na tutaifungua mbele ya kila mtu, tukiitaja kwa jina lake. Na rafuni pa Baba yako nimeweka soda nyeusi moja, ya kweli, nimeifunga uzi mwekundu shingoni. Hiyo ni ya siku ya kutetemeka. Atakayeigusa bure atajibu kwangu.

Tuma maua.

Wavinya, mwenyekiti


Nuu,
26 Mei 2024

Mwaitu,

Nakuita mama kama kawaida, kwa kuwa ulipewa jina la mama yangu, na leo nina sababu ya ziada.

Juzi tulikuwa Kitui. Daktari alifungua kitambaa, akainama, akavaa miwani, akainama tena. Akasema, “Mzee, hapa hakuna cha kukata.” Ngozi imefunga, nyororo kama ya mtoto. Nikamwambia, “Umenitia hasara, kiatu sasa nitalipa bei kamili.” Kalekye alicheka na kulia pamoja, mpaka wagonjwa wengine wakadhani ameletewa habari ya msiba.

Leo nimevaa viatu vyote viwili. Vile vyeusi vya kuvaa arusini, nimevipiga rangi mwenyewe. Niliwakataza wasinishike. Kanisa lilikuwa limejaa, na ule mlango wa nyuma unajua ulivyo mbali na viti vya wazee. Nilipoingia kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Kathini, binti yake Wavinya, ndiye aliyeniona kwanza, akaacha kuimba. Kisha wa pembeni yake akaacha. Mwisho nikawa nasikia viatu vyangu peke yake, ko, ko, ko, juu ya saruji. Nilipoketi, Wavinya akapiga kigelegele ambacho nadhani mlikisikia huko Nunguni, na kanisa likalipuka. Mchungaji alingoja, akangoja, akafunga Biblia na kusema mahubiri yameshahubiriwa. Mwau alikuwa safu ya tatu na fimbo yake. Alinionyesha mguu wake, nami nikamwonyesha wangu.

Sasa la pili. Kalekye anasema unateseka kwa sababu mlinidanganya. Mwanangu, nilijua kutoka chupa ya kwanza. Soda ya dukani hunipanda puani na kunitoa machozi. Yenu ilikuwa tulivu kama mkwe aliyekuja kujitambulisha. Nikasema “Ahaa,” nikanywa.

Unauliza kwa nini nilinyamaza. Nilipokuwa mdogo na malaria, mama yangu alinificha kwinini ndani ya asali. Ilikuwa chungu hata hivyo, na nilijua. Lakini nilikuwa nikiutazama uso wake ukingoja nimeze, nikameza. Nilipoionja chupa yenu niliuona uso uleule, ingawa wewe ulikuwa Nunguni.

Kosa la uji ni langu, si lenu. Nilidhani Mungu angehesabu njaa yangu na kuisahau sindano.

Ni mimi baba yako,
Kyule


Nunguni,
2 Juni 2024

Mpendwa Kalekye,

Barua ya Baba nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa, kisha nikawasomea wanachama wa karakana, na wakaimba. Wanawake hawa, ambao hawajawahi kumwona Baba, walicheza kati ya mapipa ya sharubati mpaka jiko likazimika. Nami nilicheza, Kalekye. Uwaambie watu wa Nuu kwamba mwalimu alicheza.

Walipochoka, Munyao, mwekahazina wetu, akaleta wazo. Alitaka lebo mpya ya chupa za rosela iandikwe kwamba zinaponya kisukari. “Ushahidi si huo hapo, mwalimu? Mzee ametembea!” Nilikataa. Akaniuliza kwa nini naipunguzia furaha yao bei. Nikamwambia kwamba kinywaji hicho hicho, siku ile ya maombi, nusura kimuue Baba, kwa sababu ya kile kile tunachokisifia, na kwamba soda tuliyoiona sumu ndiyo iliyomrudisha. Lebo itasema: Maua ya rosela. Haina sukari. Alinung'unika, lakini ameichapisha.

Agizo la kutobakiza chupa ya kweli lilikuwa langu. Nilifikiria mkono unaokosea, sikufikiria mwili unaobadilika. Baba amejitwika kosa hilo kwa ukarimu, nami simwachii lote.

Na lile swali langu? Ningependa kukuambia kwamba nimelitua. Mguu umepona, hilo halina shaka, na nitalishangilia mpaka nizeeke. Lakini ulipona kwa vidonge? Kwa sindano yako, ambayo hukukosa hata asubuhi moja? Kwa kidonda kufungwa vizuri, au kwa sukari ya Alhamisi kuondoka? Au ni kwa sababu watu walivuka mto kila juma na kumtazama akinywa, naye akaona haya kutopona mbele yao? Nadhani sehemu kubwa ni dawa na sindano. Nikilisema hilo darasani nitalisema kwa sauti thabiti. Hapa, kwako, nasema nadhani.

Kulijua kwa hakika kungehitaji baba mwingine, mwenye kidonda hicho hicho na dawa hizo hizo, ambaye Alhamisi ikifika analala peke yake na lango limefungwa. Ndipo ningeweka miguu miwili sambamba na kulinganisha. Kuna watafiti wenye njia za kufanya hivyo kwa haki, na ninawaheshimu. Mimi sina moyo wa kumfungia lango hata mzee mmoja ili nipate jibu langu. Kwa hiyo nitaendelea kulibeba, na leo, kwa mara ya kwanza, halinilemei.

Uzi mwekundu usifunguliwe. Mwambie Mama Wavinya kwamba lile neno la muuguzi nimelisoma mara mbili, kisha mara ya tatu. Alhamisi ijayo nitakuwa hapo. Anitunzie nafasi kwenye mkeka, nami nitafungua chupa yangu mbele yake.

Dada yako,
Nzilani